Jukwaa Tupu: Rousseau, Butere na Suala la Fikra na Mapinduzi

Aghalabu husemwa kwamba Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalizaliwa na kalamu za Voltaire, Rousseau na Diderot. Kauli hii huwapendeza watu wa vitabu, na pengine ndiyo sababu haihojiwi sana. Mwaka 1910 Daniel Mornet alichunguza orodha za maktaba 500 za watu binafsi wa karne ya 18; kitabu cha Rousseau juu ya mkataba wa kijamii, kilichotoka 1762, alikikuta katika moja tu. Roger Chartier naye, mwaka 1990, aliipindua hoja yenyewe: Mapinduzi ndiyo yaliyowateua wanafalsafa hao kuwa wazazi wake.

Basi fikra husafiri vipi? Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere inatoa mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2013 ilizuiwa kuigiza Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala kuhusu ukabila na uporaji wa rasilimali, katika mashindano ya kitaifa ya drama. Mahakama Kuu ikaamuru irejeshwe. Mwaka 2025 mambo yakajirudia kwa Echoes of War ya mwandishi huyo huyo, inayowakabilisha vijana na wakubwa wao katika ufalme wa kubuni. Mahakama Kuu ya Kisumu ikaamuru vivyo hivyo. Haihitajiki kuthibitisha kwamba wasichana hao walimsoma Rousseau. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha kwanza, inawapa wananchi mamlaka kuu, na katika kifungu cha 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Nasaba ya vifungu hivyo inafika hadi Tamko la Haki za Binadamu na Raia la 1789. Fikra ilifika Butere ikiwa imevaa joho la jaji.

Hata hivyo, amri ya mahakama haikutosha. Tarehe 10 Aprili 2025, huko Nakuru, polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi, ilhali mwandishi alikuwa amekwisha kukamatwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.

Hapa yafaa kumkumbuka Rousseau mwingine, yule wa barua kwa d'Alembert ya 1758, aliyepinga Geneva kujengewa ukumbi wa tamthilia. Mtazamaji, alihofia, akishamlilia mhusika wa kubuni hujiona ametimiza wajibu wake, akaenda zake. Alichokitukuza yeye ni sherehe ya hadharani ambamo watu wenyewe ndio mchezo. Kwa kipimo hicho, waliozuia tamthilia walijidhuru: ingalichezwa, huenda ingalipigiwa makofi na kusahauliwa. Badala yake wimbo wa taifa, utungo ambao hakuna awezaye kuupiga marufuku, ukabeba maana yote iliyonyamazishwa.

Tukumbuke pia mfuatano wa matukio. Tamthilia ya Beaumarchais kuhusu ndoa ya Figaro, iliyopigwa marufuku na Louis XVI, iliruhusiwa jukwaani 1784, miaka mitano kabla ya Mapinduzi. Wengi wakaihesabu miongoni mwa visababishi. Nchini Kenya vijana waliingia Bungeni tarehe 25 Juni 2024. Tamthilia ya Butere ilikuja baadaye.