Mpishi wa Wazungu

Juzi nilimwekea Kukhu filamu ya Nowhere in Africa nyumbani kwake, hapa Kakamega. Ni ya mwaka 2001, na ilishinda Oscar 2003. Familia ya Redlich, Wayahudi, inamkimbia Hitler mwaka 1938 na kuja Kenya.

Kukhu hakujali maandishi ya chini. Lakini kila mpishi wao, Owuor, alipoongea Kiswahili, aliinua kichwa. Babu naye alikuwa mpishi wa wazungu.

Nilimweleza kuhusu jamaa waliobaki Ujerumani, kwamba waliuawa. Akanyamaza. "Kumbe hata wazungu walikimbizana!"

Mwishoni Owuor anamuaga Regina, mtoto aliyemlea, kabla familia haijarudi Ujerumani mwaka 1947. Kukhu akapangusa macho kwa leso.

"Babu yako alilea mmoja pia. Alimtaja mpaka anakufa."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nikamwambia Regina ni Stefanie Zweig mwenyewe. Alikua, akaandika kitabu mwaka 1995, na Owuor yumo.

"Huyo alikumbukwa," akasema. "Na wa kwetu je, nani alimwandika?"