Mzigo Ulionitangulia

Msomaji mpenzi, husemwa kuwa msafiri huenda mbali ili aone mambo asiyoyajua. Mimi nilisafiri mwendo wa siku moja tu kutoka Mutuini, nikaona jambo nililolitenda mwenyewe utotoni.

Kwetu Mutuini, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, ni nchi ya miinuko na mabonde yenye vijito. Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya jioni ilikuwa kutupa taka. Shimo la taka lilikuwa mbali, kijito kilikuwa karibu, na mvua ya masika ilikuwa msaidizi wangu; maana nilichokitupa jioni sikukiona asubuhi. Nilidhani kimetoweka duniani.

Miaka mingi baadaye nilifuatana na wenzangu kwenda kutazama maporomoko ya maji. Tuliondoka alfajiri tukafika Thika, mji ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Nairobi. Huko tuliona poromoko la Mto Chania na la Mto Thika, mito miwili inayokaribiana kama ndugu kabla ya kukutana. Kiongozi wetu, mzee mwenyeji wa sehemu hizo, alitueleza kuwa huko juu Mto Thika umezuiwa na bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994. Bwawa hilo ni mfano wa ziwa. Laweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na maji yake hupelekwa kwa mabomba hadi Nairobi.

"Haya ndiyo maji mnayoyanywa," alisema. "Sasa twendeni mkaone yale mnayoyarudisha."

Hatukumwelewa. Tulisafiri mpaka Fourteen Falls, karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mvumo ulitulaki kabla macho hayajaona kitu. Hapo Mto Athi hujigawa katika mikono mingi juu ya ukuta wa mwamba, ukaanguka kiasi cha mita 27. Ukungu wa maji ulipanda juu, na upinde wa mvua ulisimama ndani yake. Nilisema moyoni kuwa sijapata kuona uzuri kama ule. Kisha upepo uligeuka, nikasikia uvundo.

Tulipanda mashua. Povu jeupe nililolisifu kwa mbali lilikuwa kama povu la sabuni chafu, na katikati ya majabali zilikwama chupa, matambara na soli za viatu.

"Kijana, kwenu ni wapi hasa?" mzee aliniuliza.

"Mutuini, mzee."

"Basi karibu sana. Mizigo yenu ilifika zamani."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Mzee aliendelea kwa upole, akasema kuwa Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, si mbali na kwetu. Hupita katikati ya mji, hupokea vijito na kila kinachotupwa ndani yake, kisha huukabidhi Mto Athi yote hayo kabla ya maporomoko. Alipokuwa mtoto, alisema, mama yake alichota hapo maji ya kupikia. Alitaja neno hilo bila hasira, na kwa sababu hiyo liliniuma zaidi.

Wala safari ya maji haikomi pale. Mto Athi huendelea kwa mamia ya kilomita, huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Njiani wako watu, ng'ombe na mashamba. Sikuwajua hata mmoja wao nilipokuwa nikitupa taka zangu, nao hawakunijua. Lakini kila jioni nilikuwa nikiwapelekea salamu.

Msomaji, maji yakimwagika hayazoleki, na taka zangu za utotoni siwezi kuzifuata. Nilichoweza ni kurudi nyumbani na kulichimba upya shimo la taka, safari hii karibu na mlango kuliko kijito, ili mtoto atakayetumwa jioni asipate kishawishi nilichokipata mimi. Wewe nawe, ukipata nafasi, nenda ukatazame maporomoko, kwani ni mazuri kweli. Lakini kabla hujaondoka, shuka kwanza bondeni kwenu, ukaone unawapelekea nini wenyeji wako.