Jina Juu ya Kaseti

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, huonekana kama zinagombana. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine yasema ya kale ni dhahabu. Sisi watu wa mwambao tumezoea kuitumia hii ya pili tunapozungumzia tungo, milango ya nakshi, makasha yenye misumari ya shaba, na sahani za kauri zilizopangwa ukutani. Hatukudhani kwamba itakuja siku itumike, tena kwa maana yake halisi ya fedha na dhahabu, juu ya michezo ya video: zile kaseti za plastiki ambazo mzazi alikuwa akizinunua huku akinung'unika, ili watoto watulie nyumbani.

Msomaji aliyezoea kukutana humu na mashairi na tahakiki huenda akauliza, yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu, kwa sababu suala lililomo ndani yake ni lile lile ambalo kila kizazi cha wapenzi wa tungo hakina budi kulijibu: kitu cha kale huhifadhiwa vipi, na thamani yake hukaa wapi?

Kwanza nizieleze habari zenyewe. Mwezi wa Julai 2021, nyumba ya minada ya Heritage Auctions, yenye makao yake Dallas, Texas, iliuza nakala moja ya mchezo uitwao The Legend of Zelda kwa dola 870,000. Siku mbili baadaye ikauza nakala ya Super Mario 64 kwa dola 1,560,000. Mchezo huu wa pili, uliotoka mwaka 1996, si adimu hata kidogo. Nakala zake zaidi ya milioni kumi ziliuzwa duniani. Uadimu wa nakala ile ulikuwa katika jambo moja tu, nalo ni kwamba haikupata kufunguliwa. Ilikuwa ingali ndani ya plastiki yake ya kiwandani, na wapimaji walikuwa wameipa alama 9.8 katika 10, kisha wakaifungia ndani ya kasha jingine gumu lionyeshalo kila kitu na lisiloruhusu kuguswa chochote.

Miezi mitatu kabla ya hapo, mnamo Aprili ya mwaka ule ule, Super Mario Bros. ilikuwa imeuzwa kwa dola 660,000. Kisa cha nakala hii kimenikaa moyoni. Ilinunuliwa mwaka 1986 iwe zawadi ya Krismasi, ikatiwa ndani ya mtoto wa meza, ikasahauliwa humo kwa miaka 35. Lau zawadi ile ingalimfikia aliyekusudiwa, akaifungua na kuicheza mpaka vidole vikamuuma, leo ingalikuwa kitu cha dola chache. Ni kwa sababu haikumfurahisha mtoto yeyote ndipo ikageuka mali.

Joto lile la mwaka 2021 lilipoa baadaye, kama kawaida ya masoko yanayopandishwa na wachuuzi wa matumaini. Lakini bei za kaseti za kawaida, zile zilizofunguliwa na kuchezwa, hazikurejea zilikokuwa. Sababu zake si za ajabu. Idadi ya kaseti za miaka ya 1980 na 1990 haiongezeki, bali kila mwaka hupungua kwa moto, maji na jalala. Watoto waliozililia zamani sasa ni watu wazima wenye mishahara, na mtu mzima mwenye mshahara huwa mwepesi wa kuununua utoto wake. Ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu wakafungiwa majumbani, wakafungua makabati yao na kumbukumbu zao. Tena wakaingia wale wasiojua hata kushika kidude cha kuchezea, walionunua leo ili wauze kesho.

Iko sababu nyingine ambayo mpenzi wa vitabu ataitambua mara moja. Mwaka 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia halali ya biashara. Yaani haikuchapwa upya. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, kampuni ya Nintendo ilifunga maduka yake ya mtandaoni ya mashine za 3DS na Wii U, na pamoja nayo njia ya kununua michezo mingi ya zamani. Kitu kisipochapwa upya, aliye na nakala ndiye mfalme. Nani kati yetu hajaitafuta diwani iliyokwisha sokoni, akaambulia kutajiwa bei ya mbuzi kwa kitabu kilicholiwa na mchwa?

Mimi sikupata kusoma chuo kikuu. Kiingereza nilichokuja kukifanyia kazi ya tafsiri nilijifundisha kwa kamusi isiyo jalada na kwa vitabu vya mkononi, vilivyokwisha kupita mikono ya watu nisiowajua. Katika baadhi ya vitabu hivyo, msomaji aliyenitangulia alikuwa ameandika pambizoni kwa penseli maana ya neno gumu, au ametia alama ya kuuliza palipomshinda. Watu wale walikuwa walimu wangu. Kitabu kisicho na alama kilinipa maneno ya mwandishi peke yake. Chenye alama kilinipa mwandishi na mwenzangu wa kusoma naye.

Kwa hiyo nilikuwa na rai yangu tayari siku mpwa wangu aliponipigia simu kutoka London. Alihamia huko angali mdogo pamoja na wazazi wake, na tangu ujana wake amekuwa akikusanya kaseti hizi. Alizinunua katika maduka ya mitumba na magulio ya Jumapili, wakati ambapo wenyewe walifurahi kuondolewa uchafu nyumbani. Baba yao, shemeji yangu, amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mama yao, dada yangu, alikuwa na nia ya kwenda Hija kabla magoti hayajamkatalia, na mtoto alikuwa ameamua kuuza alichokusanya ili nia ile itimie.

"Shikamoo, mjomba. Nataka shauri," akasema. Nikaitikia marahaba, nikamsikiliza.

Miongoni mwa kaseti zake ilikuwamo moja ya mchezo uitwao Terranigma. Mchezo huu wa Kijapani ulitafsiriwa Kiingereza na kuuzwa Ulaya mwishoni mwa 1996, lakini haukuuzwa kabisa Amerika ya Kaskazini, na kwa miaka mingi haukutolewa upya. Ndiyo maana kaseti yake inatafutwa sana. Yeye hakuipata guliani. Alinunuliwa na baba yake, mpya dukani, kwa ujira wa zamu za usiku. Na baba yake, kwa kuchelea isipotee kwa marafiki wa shule, aliandika juu ya karatasi yake ya mbele, kwa wino na kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni utotoni, majina ya wanawe wawili na kwamba hii ni mali yao.

Mnunuzi alikuwa ameitazama akatikisa kichwa. Maandishi hupunguza bei. Lakini, alisema, wino ule unaweza kutoka kwa pamba na spiriti kidogo, na ukitoka vizuri ataongeza fedha.

"Nifute, mjomba?"

Sikumjibu pale pale, kwa kuwa jambo lilikuwa na pande mbili zenye haki. Upande mmoja ulikuwa Hija ya dada yangu, na pengo la fedha lililokuwa halijajazwa. Sipendi maneno ya watu wanaodharau fedha ilhali hawana wa kumhudumia. Upande wa pili ulikuwa mwandiko wa marehemu, mistari miwili tu, ambayo pengine ndiyo tungo pekee aliyowaachia wanawe kwa mkono wake.

Nikazikumbuka hati zetu za kale, zile zilizoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika maktaba ya SOAS kule London. Mtafiti aishikapo hati ya utenzi huikimbilia tamati, alitafute jina la mnakili, tarehe aliyomaliza, na jina la aliyenakiliwa. Mwandiko wa mwenye mali hauishushi hati. Ndio unaoithibitisha, ndio unaotuambia kwamba maneno haya yalipita kwa watu, yakasomwa katika nyumba fulani, yakapendwa. Soko la kaseti limeigeuza hukumu hiyo juu chini. Huko, bora ni kile kisichoonyesha kwamba binadamu alikipitia.

Nikamkumbuka vilevile Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840, na mashairi yake hayakufungiwa kashani. Yalibaki vinywani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya W. E. Taylor, na hatimaye yakachapwa kama diwani mwaka 1940. Kama watu wa Mombasa wangaliyahifadhi kwa masharti ya wapimaji wa Dallas, tungekuwa na karatasi safi yenye bei kubwa, na tusingekuwa na Muyaka.

Hata hivyo, insafu yataka nisiilaani bei moja kwa moja. Kaseti ambazo zamani zilikuwa zikitupwa, leo hazitupwi, kwa kuwa mwenyewe anajua zina thamani. Bei ni bawabu, na nyumba isiyo bawabu huibiwa. Tatizo huanza pale bawabu anapomzuia hata mwenye nyumba asiingie. Na kaseti nyingi za aina hii zina betri ndogo ndani, ambayo ndiyo inayotunza pale mchezaji alipofikia. Betri hiyo hufa kwa kupita miaka, na ikifa, kumbukumbu yote hufutika. Kasha gumu la plastiki haliizuii kufa. Linachoweza ni kumzuia fundi asiibadilishe.

Nilimpigia jioni, nikamwambia: "Mwanangu, uza zile ulizozinunua, soko limezipa bei, wape wenye soko. Hii uliyopewa, usiifute. Fedha unayoongezewa ni bei ya kumwondoa baba yako juu ya mali aliyokununulia, na mama yako hawezi kwenda Hija kwa fedha hiyo akaridhika, hata kama hatajua."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nduguye naye kamwambia hivyo hivyo, lakini alitaka kusikia kwa mtu anayeweza kuyasoma yale maandishi. Yeye hawezi. Alikulia ugenini, na herufi zile kwake zilikuwa mwandiko wa baba tu, si maneno. Akaniletea picha, nikamsomea herufi kwa herufi.

Kaseti nyingine zikauzwa. Fedha haikutosha, akaongeza miezi ya kazi za ziada, na nduguye akatia sehemu yake, na dada yangu akenda na kurudi salama. Betri ya ile iliyobaki imekwisha kubadilishwa na fundi. Walipofika walipofika katika mchezo pamefutika, wataanza upya. Mwanawe sasa ana miaka saba, na alipoambiwa kwamba jina la baba yake limo katika mistari ile, swali lake la kwanza lilikuwa lake yeye litaandikwa wapi. Nafasi chini yake ipo. Wanasubiri tu awe na mwandiko mzuri.