Nyuzi Sitini Kusini

14 Desemba, Ushuaia
Tumejaza dizeli nyepesi matangi yote. Tangu Agosti 2011 ni marufuku meli kuvuka nyuzi 60 kusini ikiwa na mafuta mazito, hata kama yamo ndani ya tangi tu na hayachomwi. Naiona sheria nzuri. Nimeyapasha moto na kuyachuja mafuta yale miaka mingi, najua yakipoa yanavyoganda kama lami. Yakimwagika kwenye maji ya baridi kule, nani atayazoa?

Mama amepiga simu, anauliza niko mbali kiasi gani. Nikamwambia Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, nami naelekea 60. "Mara kumi, mwanangu," akasema, kisha akanyamaza.

16 Desemba, Mlango-bahari wa Drake
Kwetu upepo una zamu, kaskazi kisha kusi. Hapa ni wa magharibi, na hakuna nchi kavu ya kuuvunja nguvu. Mkondo nao hivyo hivyo: unaizunguka Antaktika, na hapa, kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Shetland Kusini, unabanwa kwenye upana wa kilomita 800 hivi. Meli inalala ubavu, inainuka, inalala tena. Nimekula biskuti mbili tu.

Jua limezama karibu saa nne na dakika arobaini usiku. Nilingoja giza la Isha, lakini weupe haukutoka mbinguni. Nimeswali kwa makadirio.

17 Desemba, alfajiri
Saa kumi na nusu afisa wa zamu aliniita chumba cha usukani nione namba ikigeuka: 59, kisha 60. Nje hapakuwa na alama yoyote. Duara hili lote, kilomita 20,000, nusu ya ikweta, halipiti juu ya jiwe hata moja. Kwetu nyuzi moja ya longitudo ni karibu maili 60 za baharini. Hapa ni 30, kwa hiyo namba za longitudo hukimbia kuliko nilivyozoea.

Kuanzia hapa ndiyo eneo la mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mwaka 1959: hakuna kambi za vita, hakuna majaribio ya nyuklia, na madai ya umiliki yamewekwa kando. Niliguswa, nikasimama kimya.

Baadaye, chini
Kumbe injini ilikuwa imeshavuka mpaka wake. Maji ya bahari yanayoingia kupoza mitambo yalikuwa nyuzi joto 6 jana asubuhi. Usiku, kabla hatujafika 60, yakashuka hadi 2. Ndipo maji ya baridi ya kusini yanapozama chini ya yale ya kaskazini yenye joto zaidi. Mpaka huo hauko kwenye mkataba wa 1959, na husogea. Nimeuandika kwenye daftari la zamu, saa na namba.

Saa mbili hii, kipimo kinasoma 1.