Kunywana kwa wazee na karatasi za leta

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Kivu tumezoea kusikia habari za Kongo na Rwanda kwa redio: leo vita, kesho mkutano, kesho kutwa sahihi mupya. Lakini ujirani huu ni wa zamani kuliko inchi zenyewe.

Mbele ya Wazungu kufika, Watembo walisuka butega, ni kusema vikuku vya nyuzi, vilivyotumika kama makuta pande zote mbili za ziwa. Watu wa Kinyaga, kule Rwanda, walivitafuta sana. Biashara hiyo haikuzuia vita. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alishambulia Idjwi na Bushi mara nyingi, na mu mwaka wa 1895 alikufa akiwa katika safari ya vita juu ya Bushi. Basi tusidanganyane eti zamani ilikuwa amani tupu.

Ila wazee walijua kufunga urafiki hata pale wakubwa wanapopigana. Njia yao ilikuwa kunywana. Watu wawili walichanjwa, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake mbele ya mashahidi. Wanyarwanda wanaita agano hilo igihango. Mwenye kulivunja alifuatwa na laana, yeye pamoja na jamaa yake. Kwa hiyo mtu aliyevuka ziwa alijua atalala kwa nani, na nani atamtetea.

Mu 1910, huko Brussels, Wabeleji, Wajerumani na Waingereza walisikilizana juu ya mupaka. Idjwi ikabaki Kongo, kisiwa cha Nkombo kikaenda Rwanda, ijapokuwa wenyeji wake wanasema luga iliyo ndugu ya Kihavu. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeitwa kuwa shahidi.

Kiisha uhuru, leta zetu zilifuata njia ile ile ya karatasi. Tuseme kweli, karatasi zingine zilitusaidia. CEPGL, iliyoundwa Gisenyi mu 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, ilirahisisha kuvuka mupaka, na umeme wa Ruzizi II unagawanywa kwa inchi zote tatu. Halafu ikaja 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi, na wakimbizi wakajaa Goma. Mu 1996 na 1998 askari wa Rwanda waliingia kwetu. Kukafuata masikilizano ya Lusaka (1999), Pretoria (2002), Addis-Abeba (2013), Washington (2025): watoto wetu wanaijua miji hiyo kama somo la jeografia. Na M23 ilikamata Goma mu 2012, ikairudilia mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili. Ripoti za UNO zinasema Rwanda inaisaidia; Kigali inakana, inaonyesha kidole FDLR. Wao wanabishana, sisi tunazika.

Katika hayo yote, wamama wa Petite Barrière wameendelea kuvuka na beseni kichwani. Muuzaji wa Goma anakopa mboga kwa mwenzake wa Gisenyi bila kuandika kitu, analipa kesho yake. Wakati Kongo ilipoamua kufunga barieri saa tisa ya mchana, mwezi wa sita 2022, deni hizo ndizo zilizoumia kwanza, na vyungu vya mangaribi pia. Hakuna balozi aliyelala njaa.

Hatuombi wakubwa wachanjane. Damu imemwangika ya kutosha. Tunaomba wachukue kwa wazee kitu kimoja tu: shahidi. Kwa kunywana, shahidi alikuwa mtu wa pale pale, ambaye angeumia kama agano lingevunjwa. Kwa hiyo alilichunga. Mashahidi wa leo wanarudi kwao kwa ndege jioni ile ile. Wenye kuweka sahihi waje siku moja huku ziwani, wasome maneno yao kwa luga tunayosikia, mbele ya wavuvi wa Idjwi na wa Nkombo na wamama wa barieri zote mbili. Hapo, atakayevunja, tutamjua kwa jina.