Redio ya Baba

Katika nyumba yetu ya Likoni kuna kitu kimoja kisichoguswa na mtu ila mwenyewe. Kitu hicho ni redio ndogo nyeusi. Antena yake ilivunjika zamani, na mahali pake pamefungwa waya. Kifuniko cha mawe nacho kimeshikwa kwa ukanda wa mpira. Mwenyewe ni baba yangu. Alifanya kazi ya ukuli katika bandari ya Kilindini miaka mingi, hata macho yakamwishia nuru. Tangu hapo redio ndiyo iliyokuwa macho yake, wala sisemi hivi kwa kupamba maneno. Mvua iliyo njiani, feri iliyoharibika, mtu aliyefariki ng'ambo ya maji: yote hayo aliyajua kabla yetu sisi tunaoona.

Kila siku, kuanzia saa kumi na mbili ya jioni hata saa mbili ya usiku, kituo kimoja cha hapa pwani kilikuwa kikipiga taarabu za zamani na zilipendwa, na kati ya wimbo na wimbo mtangazaji alisoma salamu. Huenda wewe hujapata kusikiliza kipindi cha salamu. Zamani wasikilizaji walinunua kadi, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wakazitia posta; siku hizi wengi hutumia simu. Lakini desturi ni ile ile. Msalimu hutaja jina lake, lakabu yake na mahali alipo, kisha huwataja jamaa na marafiki, na wengi katika marafiki hao hajapata kuwatia machoni. Lakabu ya Baba ilikuwa Mzee wa Gati Nambari Tano. Alikuwa na sahibu zake Voi, Garsen na Vanga, ambao walijuana kwa sauti ya mtu wa tatu tu, yaani mtangazaji. Naye mtangazaji, mama wa makamo mwenye sauti ya utulivu, aliwajua wote. Baba alipougua homa, salamu zake zikakosekana siku tatu, mama huyo aliuliza hewani: "Mzee wa Gati yuko wapi? Aliye karibu naye na amjulie hali." Jirani wawili walibisha hodi usiku ule ule.

Jioni moja ya mwaka 2019 Baba aliniita. "Mwanangu, redio imeharibika. Imeshika kituo kisicho chake."

Niliitazama. Mshale ulikuwa mahali pake pa siku zote. Humo ndani ilisikika ngoma nzito ya mitambo, na vijana wawili wakizungumza Sheng na kuchekeana. Niliuzungusha mshale huku na huku, nikaurudisha. Vijana walikuwa palepale. Kesho yake niliichukua kwa fundi. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akaisikiliza, kisha akanirudishia bila ya kunidai hata shilingi. "Mwalimu," alisema, "redio haina ugonjwa. Kituo ndicho kilichobadilika."

Nilipomwambia Baba, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza neno moja: "Wametuaga?"

Hawakuwa wameaga.

Yafaa ujue kwamba mapenzi ya Baba na redio hayakuzaliwa jana. Utangazaji wa nchi hii ulianza Nairobi mwaka 1928, lakini siku hizo ulikuwa kwa ajili ya Wazungu. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, na Baba, akiwa mtoto wa chuoni, alikisikiliza akiwa amechutama nje ya mkahawa, maana nyumbani kwao hapakuwa na simu ya upepo, kama wazee walivyoiita. Mwaka 1964 serikali iliyojitawala iliunda Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa miaka mingi sauti ilikuwa moja, usipoipenda, uliifunga. Kisha milango ikafunguliwa. Capital FM kilianza mwaka 1996, Kameme FM kikaanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, na lugha nyingine zikafuata. Leo vituo vya nchi hii ni zaidi ya mia. Mimi nimekulia katika wingi huo na siulaumu. Lakini kituo cha mtu binafsi hula matangazo ya biashara, na matangazo huyafuata masikio, tena si kila sikio.

Jambo hili nilifundishwa na mwenye kituo, kwa namna ya kusema. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, nisijibiwe. Basi Jumamosi moja nilivuka maji, nikaenda mwenyewe. Msimamizi wa vipindi alikuwa kijana wa rika langu, mwenye adabu, akanipa kiti na soda. Hakunificha. "Mwalimu," alisema, "mwenye kuuza simu na mwenye kuuza soda hii wanataka kijana. Wazee wanatupenda sana, lakini mapenzi yao hayalipi umeme." Nilimwuliza habari za yule mama wa salamu. Alisema mkataba wake ulikoma siku ile ile. Nikauliza kwa nini hakupewa hata dakika tano za kuaga. Alijibu kwamba kituo kinachogeuka hugeuka kwa usiku mmoja, ili msikilizaji mpya akija aikute nyumba mpya, pasiwe na mwenyeji wa zamani anayelia mlangoni.

Nilirudi na hasira iliyonitosha mpaka Jumatatu. Nikaingia nayo darasani, Kidato cha Tatu, nikawahutubia wanafunzi juu ya kelele zinazoitwa muziki. Mwalimu akikasirika darasa huwa kimya. Lakini msichana mmoja wa Mtongwe alinyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, samahani. Juzi walipiga wimbo wa kaka yangu." Kaka yake alikuwa akitunga nyimbo katika chumba alichotundika magodoro ukutani ili kuzuia mwangwi, na kwa miaka miwili alizunguka na nyimbo hizo kutoka kituo hata kituo, pasiwe na mtu wa kumfungulia. "Mama alipousikia redioni," alisema msichana, "aliacha chapati jikoni zikaungua." Darasa likacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimekuja na hukumu mfukoni, nikaiacha humo humo.

Usiku ule nilikumbuka habari niliyoisoma katika maktaba nilipokuwa chuo cha ualimu, nami naomba unifuate mbali kidogo, hata mji wa Memphis, Marekani. Mwaka 1947 kilifunguliwa huko kituo kiitwacho WDIA. Kilikuwa na nguvu ya wati 250 tu, kikanyamaza kila jua lilipokuchwa. Wenyewe, Wazungu wawili, walipiga muziki ule ule uliopigwa na vituo vingine vya mji, na biashara ikaelekea kufa. Karibu watu wanne katika kila kumi wa mji ule walikuwa weusi, wala hapakuwa na kituo kilichosema nao. Tarehe 25 Oktoba 1948 walimweka mbele ya kipaza sauti mtu mweusi, Nat D. Williams. Kazi yake ilikuwa nini? Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington! Alifundisha asubuhi, na masomo yakiisha alikwenda redioni. Husemwa kwamba siku ya kwanza maneno yalimpotea, akaangua kicheko, na kicheko hicho kikawa alama yake. Wazungu wengine walipiga simu kwa vitisho. Lakini kufikia mwaka 1949 kituo kizima kilikuwa kimewageukia watu weusi, na mwaka 1954 kilipata nguvu ya wati 50,000. B.B. King, kabla dunia haijamjua, alikuwa mtangazaji hapo. Rufus Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wa Williams, naye aliketi mbele ya kipaza sauti hicho hicho.

Habari hiyo ilinisuta. Kama kituo cha Memphis kisingalibadili muziki, mji mzima wa watu ungaliendelea kusikiliza mlangoni pa wengine. Na kaka wa mwanafunzi wangu, je, hakuwa ameketi mlangoni miaka miwili? Lakini msomaji, nilikumbuka pia kwamba WDIA hakikuwapa watu wake nyimbo tu. Kilitangaza vitu vilivyopotea na watu wenye shida, na fedha zilizokusanywa katika maonyesho yake zilinunua mabasi ya kuwapeleka shule watoto walemavu. Kilijua nani yumo nyumbani. Sikuweza tena kukilaumu kituo chetu kwa kuwakaribisha vijana. Nilikilaumu kwa lile swali la Baba, nami hata leo nakilaumu.

Nilijaribu kuliziba pengo kwa fedha. Nilimnunulia Baba redio mpya, ya aina ile ya kutiwa kadi, na fundi akamjazia humo nyimbo mia tatu: Fundi Konde, Daudi Kabaka, Fadhili William, Zuhura Swaleh, Juma Bhalo, na wengine asiowaomba. Baba alishukuru sana. Akasikiliza siku mbili. Siku ya tatu nikaikuta imefungwa kwa leso juu ya kabati, na ile nyeusi imerudi begani mwake, ikimsomea habari za kilimo. "Nyimbo ni zizo hizo, mwanangu," alisema, "lakini humo hamna anayenijua."

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Yule mama wa salamu nilimkuta siku moja sokoni Kongowea. Anauza madira, na wateja humtambua kwa sauti kabla ya uso. Aliniuliza habari za Mzee wa Gati, nikampa.

Ikatokea kwamba wazee wengine nao walikuwa wamelalamika, au pengine muuza dawa za viungo alitaka nafasi. Sijui, wala Baba hakujali sababu. Kituo kikatoa saa moja, Jumapili asubuhi, kwa nyimbo za zamani. Mtangazaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Nyimbo alizipenda, hilo lilisikika, lakini hakuzijua. Jumapili ya kwanza alipiga wimbo wa Maulidi Juma akasema ni wa Juma Bhalo.

Baba alishtuka kama aliyeumwa na siafu. "Nipigie simu hiyo," aliniamuru.

Nilipiga mara saba ndipo ikapokewa. "Naongea na nani?" aliuliza binti, na sauti yake ikatoka simuni na redioni kwa pamoja, ikapiga mlio wa kuchoma masikio. "Mzee, tafadhali punguza redio yako." Baba hakuipunguza. Alimsahihisha wimbo, akamtajia na mtaa alioishi mwimbaji. Binti akamshukuru, akamwomba jina.

Baba alisita. Kisha akasema, "Mzee wa Gati Nambari Tano."

Jina hilo halikuwa kitu kwa binti. Alilirudia, akaweka wimbo mwingine. Ulipokwisha, alirudi akicheka, akasema simu yake imejaa ujumbe wala haelewi kuna nini. Akaanza kuusoma mmoja mmoja. Wa kwanza ulitoka Voi. Wa pili ulitoka Vanga, nao uliuliza kama kweli Mzee wa Gati yu hai. Nilitaka kumwambia Baba neno. Akaniinulia mkono ninyamaze, akaisogeza redio sikioni.