Silikoni Nyekundu

Tangu Baba atuache, kila jirani hapa Nyamasaria alikuwa na ushauri mmoja kuhusu Probox yake inayovuja oili: uzeni tu. Lakini hiyo ndiyo hubeba mchele wa Mama kutoka Ahero hadi soko la Kibuye, na fundi alitaka pesa ambazo hatuna. Basi mimi na dada yangu tukaipandisha kwa jeki, tukaikalisha kwenye stendi, tukaingia chini.

Oili tuliikinga kwa karai; maji ya uwanja huu huishia mtoni, na mto huishia ziwani. Bolti zilitoka kwa spana ya 10. Sampu yenyewe, iliyokwaruzwa na matuta ikaliwa na kutu, iligoma hadi tukapitisha kisu.

Ukingoni kulikuwa na silikoni mbili: mabaki meusi ya kiwandani, na nyekundu iliyopakwa kwa mkono. Kumbe Baba alishawahi kulala hapa, mgongo kwenye udongo, na hakusema kitu.

Tulikwangua yote, tukafunga sampu mpya.

“Leo siendi soko?” Mama akauliza.

“Silikoni ishike kwanza, Mama. Oili tutaweka kesho.”

Aliokota kipande chekundu, akakifunga kwenye pindo la leso.